Siku Kwa Mkapa: Vidokezo vya Kwenda Uwanjani na Kurudi Salama

Uwanja wa Benjamin Mkapa una viti 60,000, na siku ya dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, karibu wenye tiketi wote hutaka kupita getini ndani ya saa moja ileile. Hapo ndipo siku inapoharibika au inapopata ladha. Mpira wenyewe ni dakika 90. Siku ya uwanjani ni ndefu zaidi: inaanza na tiketi, inapita kwenye daladala iliyojaa jezi, inafika kwenye jasho la getini na kelele za jukwaani, na inakwisha pale unapoingia kwako ukiwa mzima na simu yako bado ipo mfukoni.

Uwanja huu wa Temeke ulianza kutumika mwaka 2007. Ulijengwa kwa msaada wa China, na ni mradi alioupigania Rais Benjamin Mkapa kabla hajatoka madarakani mwaka 2005. Kwa miaka mingi tuliuita Uwanja wa Taifa. Alipofariki Mzee Mkapa, Julai 2020, ukapewa jina lake, na mashabiki wakalifupisha: Kwa Mkapa. Wapo pia wanaouita Lupaso, jina la kijiji chake kule Masasi, alikozaliwa na alikozikwa. Mwambie bodaboda yeyote wa Dar es Salaam “nipeleke Kwa Mkapa” uone kama atakuuliza mara mbili.

Haya yafuatayo ni kwa ajili ya anayekwenda mara ya kwanza, na kwa yule aliyezoea kuangalia kwenye televisheni ambaye ameanza kuhisi kuna kitu anakikosa. Kipo.

1. Hakikisha mechi ipo, ipo hapo, na ni ya saa ngapi

Usitegemee ratiba uliyoiona mwezi uliopita. Tarehe 8 Mei 2021 watu walikuwa wameshakaa vitini wakingoja Simba na Yanga zianze saa 11 jioni. Mechi ikasogezwa mbele hadi saa 1 usiku, Yanga wakashikilia saa ya awali, na jua likazama bila mpira kuchezwa. Tarehe 8 Machi 2025 dabi nyingine ikaahirishwa siku yenyewe ya mchezo, mashabiki wa mikoani wakiwa wameshaingia mjini. Ilichezwa Juni 25.

Hata uwanja hubadilika. Mei 2025 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco, na mechi ya nyumbani ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, kwa sababu sehemu ya kuchezea Kwa Mkapa haikuwa katika hali nzuri. Mechi za ligi nazo huweza kupelekwa KMC Complex pale Mwenge au Azam Complex kule Chamazi. Kwa hiyo asubuhi ya mchezo, kabla hujavaa jezi, pitia kurasa za klabu mwenyeji na za shirikisho la soka, TFF. Kama unatoka mkoani, usikate tiketi ya basi ya kurudi usiku uleule. Jipe nafasi ya kulala.

2. Tiketi inunuliwe kabla ya siku ya mchezo

Kwa Mkapa unaingia kwa N-Card. Unakuwa na kadi, unaijaza pesa kwa simu, unanunua tiketi ya jukwaa unalotaka, kisha unaigusisha kwenye mashine ya getini. Kadi hiyohiyo imekuwa ikitumika pia kwenye kivuko cha Kigamboni, kwa hiyo huenda tayari unayo kwenye pochi. Kila mtu awe na yake. Kundi la marafiki watano linalotegemea kadi ya mmoja litakwama palepale penye msongamano mkubwa kuliko pote.

Wauza kadi wa siku ya mchezo wana foleni, na mtandao wa simu karibu na uwanja huelemewa. Yote hayo unayakwepa kwa kununua siku mbili kabla ukiwa umekaa sebuleni. Na walanguzi? Wapite tu. Anayekuuzia kadi “yenye tiketi tayari” nje ya geti hatakuwepo mashine itakapoikataa, na wewe utakuwa umeshaipoteza nafasi yako kwenye mstari.

Bei hutangazwa na mwenyeji wa mchezo. Jukwaa la mzunguko kwa kawaida ni shilingi elfu chache tu, 3,000 au 5,000 zikiwa ndizo zilizozoeleka, na VIP A hupanda mara kadhaa ya hapo kadiri mchezo unavyokuwa mkubwa.

3. Mzunguko, machungwa au VIP?

Hili ndilo swali ambalo kila mgeni huuliza, na jibu linategemea unakwenda kutafuta nini.

Mzunguko ni jukwaa la wananchi. Ni viti vingi kuliko vyote, bei ya chini kuliko zote, na huko ndiko ngoma, tarumbeta na vuvuzela zinakokaa. Huko ndiko nyimbo zinakotungwa papo hapo, mtu mmoja akianzisha na safu kumi zikipokea. Ukitaka kujua kwa nini timu kubwa za Afrika huja Dar es Salaam zikiwa na wasiwasi, kaa mzunguko wakati wa mechi ya Klabu Bingwa Afrika. Simba wamewafunga Al Ahly ya Misri hapa bao 1-0 mara mbili, Februari 2019 na Februari 2021. Msemo wa mashabiki wao, “Kwa Mkapa hatoki mtu”, ulipata nguvu kutokana na siku kama hizo. Kwangu mimi, mzunguko ndio uwanja. Mengine ni viti.

Machungwa, yaani viti vya rangi ya chungwa, ni njia ya kati. Unalipa zaidi kidogo, unaona vizuri zaidi, na msukumano unapungua. Mtu anayekwenda na mzazi wake mwenye umri, au na mchumba kwa mara ya kwanza, asione aibu kuanzia hapo. VIP B na C zinafaa kwa mwenye watoto au kwa mtu anayefika kwa shida kutoka kazini na hawezi kuwahi. VIP A ni ya viongozi, wageni na wenye uwezo. Utaona vizuri sana na utasikia kidogo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawalifikirii. Kwa Mkapa kuna njia za riadha zinazozunguka sehemu ya kuchezea, hivyo safu za chini ziko mbali na mpira kuliko unavyodhani ukiangalia picha. Ukikaa chini nyuma ya goli, bao la upande wa pili utalijua kwa kelele. Panda juu. Kuanzia katikati ya jukwaa kwenda juu unaona mchezo mzima ukijipanga: beki anavyosogea, winga anavyoachwa peke yake, kocha anavyopiga kelele bila kusikika. Televisheni haiwezi kukupa hilo kwa sababu kamera inafuata mpira.

Na jua. Mechi ya saa 10 jioni ina jua kali la Dar, na anayekaa akitazama magharibi atakuwa amekunja uso hadi kipindi cha pili. Vaa kofia, au chagua upande unaolipa jua mgongo.

4. Vaa rangi kwa akili

Kwenye mechi ya kawaida vaa utakavyo. Kwenye dabi, jezi yako ni anwani yako. Nyekundu na nyeupe za Simba zina upande wao, kijani na njano za Yanga zina wao, na hakuna anayekaa kwa mwenzake kwa bahati mbaya. Ukiingia na jezi ya Simba katikati ya Wananchi, au ya Yanga katikati ya Wekundu wa Msimbazi, hutaangalia mpira kwa raha na wala hutawaacha wengine wauangalie. Mgeni asiye na timu avae rangi isiyo ya yeyote. Bluu inafaa, na ni ya timu ya taifa, Taifa Stars, pia.

Utani utausikia mwingi, na sehemu kubwa ni wa miaka mingi. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, kwa hiyo wana madeni yasiyokwisha. Ukiona mtu anakuonyesha kiganja kilichofunguka, vidole vitano, usidhani anakusalimia. Simba waliifunga Yanga 5-0 Mei 2012, na Yanga wakalipa 5-1 Novemba 2023, zote katika uwanja huuhuu. Kila upande una tano zake za kuonyesha. Cheka, jibu kama unajua la kujibu, kisha yaishe. Utani wa jadi unanoga pale mtu anapojua mpaka wake: mchezo, matokeo, viongozi wa klabu, sawa. Kabila la mtu, dini yake, dada yake au mwili wake, hapana. Anayevuka hapo ameacha utani na ameanza matusi, na ni wajibu wetu tuliokaa naye kumwambia.

5. Ondoka nyumbani mapema, na acha gari ukiweza

Uwanja upo karibu na Barabara za Mandela na Kilwa, jirani na chuo cha DUCE, si mbali na Kariakoo wala katikati ya jiji. Ukaribu huo ndio unaodanganya watu. Umbali ambao siku nyingine ni wa dakika 15 unaweza kuwa wa saa moja na nusu siku ya mchezo mkubwa.

Daladala za Temeke na Tandika zitakufikisha jirani. Vilevile unaweza kushuka Tazara, Chang'ombe au upande wa Uhasibu na kumalizia kwa miguu ukifuata jezi zilizotangulia. Bodaboda hupenya foleni, lakini kubaliana bei kabla ya kupanda na dai kofia ngumu. Anayekuja na gari lake alipaki mbali kidogo, upande anaotaka kuelekea baada ya mechi, kisha atembee. Gari lililopaki jirani na geti ndilo litakalotoka la mwisho.

Wanaotoka Morogoro na Dodoma sasa wana treni ya umeme tangu mwaka 2024, na wengi huja asubuhi kwa njia hiyo. Wazanzibari wana boti, kama saa mbili baharini, ila boti za jioni hazisubiri dakika za nyongeza.

6. Kula nje kabla ya kuingia

Nje ya uwanja kuna mama lishe, chipsi mayai, mishikaki, mihogo ya kukaanga, karanga, ubuyu na miwa. Kula vizuri, kunywa maji ya kutosha, kisha ingia. Ndani bei hupanda na uchaguzi hupungua, na chupa za maji mara nyingi huzuiwa getini kwa sababu kuna watu waliowahi kuzigeuza silaha. Chenji ndogondogo zinasaidia sana, maana kulipa kwa simu katikati ya watu maelfu ni kubahatisha.

Kwa Waislamu: mechi ya saa 11 jioni hukutana na Magharibi katika kipindi cha pili. Swali Alasiri kabla ya kuingia kwenye foleni, na ujue mapema kama utaswali uwanjani au baada ya kutoka.

7. Getini: hapa ndipo naomba unisikilize

Tarehe 28 Mei 2023 Yanga walikuwa wakicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger ya Algeria. Ilikuwa mara yao ya kwanza kufika fainali ya Afrika, na jiji zima lilitaka kuwa ndani. Kukatokea msongamano wa kusukumana. Mtu mmoja akafariki na wengine 30 wakajeruhiwa. Miaka miwili kabla, Machi 2021, watu 45 walikufa kwa kukanyagana na kubanwa katika Uwanja wa Uhuru, Shamba la Bibi, ulio jirani kabisa, walipokwenda kumuaga Rais John Magufuli. Januari 2022 watu 8 walikufa kwenye geti la Uwanja wa Olembé, Yaoundé, wakati wa AFCON ya Cameroon. Wote hao walitoka nyumbani wakiwa wazima.

Msongamano unaua kwa namna ambayo wengi hawaijui. Wa nyuma hawaoni cha mbele. Wanasikia shangwe ndani, wanadhani mchezo umeanza, wanasukuma kidogo tu. Kila safu inaongeza kidogo chake, na nguvu yote inamwishia aliye mbele, aliyebanwa kwenye chuma cha geti. Mara nyingi anayekufa hakanyagwi. Hukosa hewa akiwa amesimama, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka. Hii ndiyo sababu “sukuma twende” ni neno la hatari.

Dawa ya kwanza ni saa. Mchezo mkubwa ukiwa saa 11 jioni, kuwa ndani kufikia saa 8 au 9 mchana. Utakaa juani, ni kweli, lakini utapita getini ukitembea. Utachagua kiti. Utaona timu zikipasha misuli, utasikia jukwaa likijaa taratibu. Hiyo ni sehemu ya burudani uliyoilipia.

Dawa ya pili ni macho. Ukiwa kwenye foleni, pima nafasi yako. Kama unaweza kujigeuza na kuinua mikono bila kugusa watu, uko salama. Kama mabega yameanza kubanwa pande zote, toka sasa, kabla hujashindwa kutoka. Sogea kwa mshazari kuelekea pembeni, usishindane na wimbi kwa kurudi moja kwa moja nyuma. Ukikuta umeshabanwa, inua mikono mbele ya kifua kama bondia ili mapafu yapate nafasi, simama imara, punguza kupiga kelele uhifadhi pumzi, na ondoka mbali na ukuta, uzio au chuma. Kikianguka kitu, hata simu, usiiname. Akianguka mtu, piga kelele walio karibu wasimame na mumwinue mara moja.

Dawa ya tatu ni ngumu kuliko zote: geti likifungwa, geuka. Usiruke ukuta, usitafute mlango wa nyuma, usimpe mtu hela akupenyeze. Kila anayeingia bila kiti anaondoa hewa ya mwenye kiti. Kuna vibanda umiza na baa zenye televisheni mtaa mzima wa Temeke. Mpira utauona.

8. Beba vichache

Simu moja, kadi, pesa kidogo, kitambulisho, basi. Vibaka hupenda siku ya mchezo kwa sababu mikono ya watu ipo juu na akili ipo uwanjani. Simu iwe mfuko wa mbele, na usiitoe getini kupiga picha. Mwanamke akiwa na mkoba, uwe mdogo, wa kupita begani, uliofungwa kwa zipu na kukaa mbele ya mwili. Utakaguliwa. Vumilia ukaguzi na mheshimu anayekukagua, kwa sababu anachokitafuta kwako anakitafuta pia kwa jirani yako.

Kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipoteana. Chagueni kitu kisichohama: nguzo fulani, kona ya chuo, kituo cha daladala. “Nitakupigia” si mpango mtandao ukielemewa.

9. Msalani nenda dakika ya 38

Mapumziko yakianza, kila mtu ana wazo hilohilo. Nenda mapema kidogo, rudi kabla ya filimbi.

10. Watoto waanze na mechi tulivu

Mtoto anayepelekwa dabi kwa mara ya kwanza hukumbuka hofu. Mpeleke kwenye mechi ya ligi dhidi ya timu ya mkoani, viti viko wazi, ataweza kukimbia kati ya safu, kuuliza maswali na kula barafu. Simba Day na Wiki ya Mwananchi mwanzoni mwa msimu zina muziki na shamrashamra ambazo watoto huzipenda, lakini nazo hujaza uwanja hadi juu, kwa hiyo kanuni ya kuwahi inabaki palepale.

Andika namba yako ya simu kwenye karatasi uitie mfukoni mwake, au iandike mkononi kwa kalamu. Mfundishe kumtafuta askari au msimamizi mwenye kizibao akipotea. Mzibe masikio kwa pamba vuvuzela zikizidi. Na mtoto mdogo usimbebe mabegani kwenye foleni ya geti. Ukijikwaa, anaanguka kutoka juu.

11. Ukiwa ndani, shiriki

Wimbo wa taifa ukipigwa, simama na nyamaza, uwe wetu au wa wageni. Jukwaa linaloheshimu wimbo wa mgeni linaogopwa zaidi linapoanza kupiga kelele zake. Kwenye mechi, usiketi na simu ukirekodi dakika zote 90. Imba. Uliza jirani yako jina la kijana aliyeingia. Uwanjani watu hukuelekeza kama ndugu: utapewa karanga, utapewa historia ya mchezaji tangu alipokuwa klabu ya Mtibwa, utapewa maoni kuhusu kocha anayepaswa kufukuzwa kesho. Nusu saa baadaye mnakumbatiana kwa bao na hujui hata anaitwa nani.

Usirushe chupa, hata mwamuzi akikosea waziwazi. Chupa inayotoka safu ya juu haifiki kwa mwamuzi. Inatua kichwani kwa shabiki wa safu ya chini, na mara nyingi ni wa timu yako. Klabu nayo hupigwa faini, na faini hiyo ni pesa ya mchezaji ambaye wewe ungependa asajiliwe.

Ondoka na taka zako. Kiti hicho ni cha umma.

12. Kutoka ni mchezo wa pili

Kanuni ni fupi: toka dakika 5 kabla, au dakika 30 baada. Katikati ya hapo ni msukumano. Mimi niko upande wa dakika 30. Mabao mengi mno ya uwanja huu yamepatikana mwishoni. Machi 2019, walipocheza Simba na AS Vita ya Kinshasa, Clatous Chama alifunga la ushindi dakika zikiwa zinaishia, Simba wakaingia robo fainali ya Afrika. Waliowahi daladala walisimuliwa.

Kaa kitini, acha jukwaa lipungue, angalia wachezaji wakiaga. Ukishuka ngazi, shuka polepole ukishika chuma, maana ngazi za kushuka zina hatari kama za geti. Nje, usipande bodaboda ya kwanza kukuita. Tembea kidogo kutoka uwanjani, bei itashuka na barabara itafunguka. Timu ikishinda dabi, utaona watu wakielekea Kariakoo kwa miguu wakiimba, wa Simba wakienda Msimbazi, wa Yanga wakienda Jangwani. Wafuate ukitaka, lakini kaa pembeni mwa barabara, usining'inie kwenye gari, na mjulishe wa nyumbani kuwa utachelewa.

Timu ikifungwa, rudi kimya kimya. Shabiki aliyefungwa asichokozwe kwenye daladala. Na wewe uliyefungwa usimalizie hasira kwa mkeo, watoto au kondakta.

13. Usisubiri dabi

Watu wengi wanaoishi Dar es Salaam hawajawahi kuingia Kwa Mkapa kwa sababu wanaisubiri siku kubwa, na siku kubwa ikifika wanaogopa watu. Wana haki ya kuogopa. Anza na Taifa Stars. Hapo jezi ya bluu huwaweka pamoja wa Msimbazi na wa Jangwani, na kwa saa mbili hakuna mtani. Tarehe 24 Machi 2019 Stars waliifunga Uganda 3-0 hapa na kufuzu AFCON kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980, na siku ile watu wazima walilia bila kujificha. Agosti 2025 hapahapa ndipo CHAN ilipofunguliwa, Tanzania ikiifunga Burkina Faso 2-0. Hata Brazil, wakijiandaa na Kombe la Dunia la Afrika Kusini, walikuja kucheza na Stars Juni 2010. Tulifungwa 5-1, na bao letu moja lilishangiliwa kama kombe.

Mwaka 2027 Kenya, Uganda na Tanzania zitaandaa AFCON kwa pamoja. Mashabiki watakuja kutoka Nairobi, Kampala, Lubumbashi, Bujumbura na mbali zaidi, na wengi wao watauliza wenyeji: geti lipi, tunashukia wapi, tunakula wapi, tufike saa ngapi? Tafuta mechi moja ya kawaida kabla ya hapo, nunua tiketi ya mzunguko, nenda na mtu ambaye hajawahi kufika, na muingie ndani saa mbili kabla ya filimbi.